Nambari Badala ya Majina

Kwa mujibu wa programu mpya niliyoweka kwenye kompyuta ya nyumbani, ukoo wetu wote ulitokea Novemba 2009. Mwezi huo bibi yangu alikuwa msichana wa miaka ishirini hivi, amesimama studio Unguja na mkono kiunoni. Mwezi huohuo akawa mjane. Mwezi huohuo baba yangu akaanza darasa la kwanza, akaoa, na akanipakata mimi nikiwa na wiki sita. Ukifungua ukurasa wa miaka unaona uwanda mtupu, kisha nguzo moja ndefu kama mnara wa simu, kisha uwanda tena.

Programu yenyewe haina kosa. Inaitwa digiKam, ni ya bure, imeanza kutengenezwa 2001 na watu wanaojitolea kutoka nchi mbalimbali, na inafanya ilichoambiwa: inasoma tarehe ya faili na kuiweka picha mahali pake. Picha za karatasi zilizopitishwa kwenye skana hazina kumbukumbu ya siku zilipopigwa. Zina tarehe ya skana tu. Nilikaa mbele ya ile nguzo nikacheka, halafu nikaacha kucheka, kwa sababu mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia na hiki ndicho kitu ninachowaonya wenzangu kila wiki: tarehe iliyo kwenye hati mara nyingi ni tarehe ya hati, si ya tukio.

Lakini kwa nini Novemba 2009? Hapo lazima nirudi Mbagala ya mwaka ule.

Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha lililipuka Mbagala. Watu zaidi ya 20 walikufa, na nyumba nyingi zilipasuka au kuanguka. Nilikuwa na miaka 11. Nakumbuka kukimbia kuelekea barabara ya Kilwa nikiwa na kiatu kimoja, na nakumbuka mama mmoja nisiyemjua akinishika mkono kana kwamba mimi ni wake. Sisi tulinusurika. Nyumba ilipoteza bati za upande mmoja, na ulikuwa msimu wa masika. Mvua ikaingia kabatini kabla mtu hajakumbuka kwamba kabatini kuna albamu.

Zilikuwa zile albamu za kurasa zenye gundi na nailoni juu yake. Zikilowa, picha inashikana na ukurasa, na ukiivuta inakuachia uso mkononi mwako au inaubakiza kwenye gundi. Baba mdogo alikuwa anafanya kazi kwenye duka la steshenari Rangi Tatu. Miezi ikapita watu wakihangaika na bati na saruji. Ilipofika Novemba akaanza kuzibeba picha chache chache, na jioni baada ya wateja kuondoka anazibandua na kuzipitisha kwenye skana. Zilikuwa mia sita na kitu. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa ile nguzo.

Kosa lake lilikuwa moja, na hata leo nikimwambia anasonya: aliskani mbele tu. Nyuma hakuskani hata moja. Nyingi zilikuwa zimeoza mgongo, anasema, ungesoma nini? Na zile ambazo hazikuoza? Hapo ndipo anaposonya.

Nyuma ya picha, kwa watu wa pwani hii, ndiko kulikokuwa na maelezo. Studio zilipoenea Unguja, Mombasa, Lamu na Dar es Salaam, picha ilikuwa kitu cha kutoa na kupokea. Capital Art Studio ya Unguja ilifunguliwa 1930 na Ranchhod Oza, ikarithiwa na mwanawe Rohit. Kabla yake familia ya Wagoa ya Gomes ilikuwa na studio kisiwani tangu karne ya 19. Mtu alivaa vizuri, akaenda, akasimama mbele ya pazia lililochorwa, akalipa, na aliporudi kuchukua nakala zake alijua tayari kila moja inakwenda kwa nani. Ndipo anapoigeuza na kuandika. Nyumbani imebaki picha moja tu ya namna hiyo iliyopona pande zote mbili. Mgongoni kuna muhuri uliofifia usiosomeka, na chini yake mwandiko wa kalamu ya wino unaosema imetolewa kwa kumbukumbu, na kwamba mpokeaji asimsahau mtoaji. Majina ya wote wawili yapo. Uso wa mbele umefutika karibu wote. Kwa hiyo tuna picha mia sita zenye nyuso bila migongo, na moja yenye mgongo bila uso.

Baba mdogo, hata hivyo, si mtu wa kudharau. Kuelewa alichofanya baadaye lazima ukumbuke jinsi kompyuta ilivyochelewa kufika sebuleni mwetu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Baba mdogo alikuwa na miaka miwili. Amri hizo zililegezwa baadaye, lakini nyumba kama yetu ilipata kompyuta yake ya kwanza 2008: ya mezani, iliyokwishatumika, imenunuliwa Kariakoo, na kioo chenye kisogo kikubwa kuliko meza ya cherehani tuliyoiweka. Mwezi Julai 2009 mkongo wa baharini wa Seacom ulifika Dar es Salaam. Mwezi Septemba mwaka huohuo Google walitoa toleo jipya la Picasa, programu ya picha waliyoinunua 2004 na kuigawa bure. Toleo hilo lilikuwa na jambo ambalo kwa watu wengi lilikuwa geni kabisa kwenye kompyuta ya nyumbani: lilitafuta nyuso ndani ya picha, likazikata vipandevipande, na kuuliza, huyu ni nani?

Baba mdogo akalipenda kupita kiasi. Mapema 2010, jioni nyingi, alimkalisha bibi kwenye kiti cha plastiki kando yake. Kompyuta inatoa uso, bibi anasogeza macho karibu na kioo, anasema, baba mdogo anaandika. Mimi kazi yangu ilikuwa kuleta chai na kufukuzwa. Wakati mwingine bibi alikuwa akisema jina moja tu. Wakati mwingine uso mmoja ulichukua nusu saa, na hapo baba mdogo alikuwa akiacha kuandika. Umeme ukikatika, wanaendelea kuzungumza gizani.

Hiyo ndiyo albamu yetu ya pili, na niseme wazi kwamba aliyeiharibu ni mimi.

Google walisimamisha Picasa Machi 2016. Kwetu haikuwa taabu, maana programu iliyokwishawekwa haikuacha kufanya kazi. Bibi alifariki 2017. Mwaka 2018 kompyuta ya zamani ilikuwa inachukua robo saa kuwaka, nikapewa kazi ya kuhamisha vitu vyote kwenye diski ya nje kabla ya kuiuza. Nilinakili folda ya picha yote, nikahesabu faili upande huu na upande ule, zikalingana. Nikaifuta kompyuta, tukaiuza. Nilijiona mtunza kumbukumbu hodari.

Miaka ikapita na diski ikikaa droo moja na risiti za LUKU. Nilipoweka digiKam, nikaielekeza kwenye diski na kusubiri. Picha zikaja. Nyuso pia zikaja, kwa sababu digiKam nayo inajua kuzitafuta. Majina hayakuja.

Nilichimba siku tatu ndipo nikaelewa. Ndani ya kila folda Picasa iliacha faili dogo lililofichwa. Ukilifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi unaona mistari: jina la picha, vipimo vya mraba unaozunguka uso, halafu mkufu wa tarakimu na herufi kumi na sita. Mkufu huo ndio mtu. Majina yenyewe, kwenye toleo alilotumia baba mdogo, yalikuwa kwenye faili jingine, mbali na picha, kwenye sehemu ya mtumiaji ndani ya Windows. Orodha moja: mkufu huu ni fulani, mkufu ule ni fulani. Nilinakili picha, nikanakili nambari, nikafuta orodha.

Nilipojua, nilitoka nje nikakaa barazani. Yale majina bibi aliyasema akiwa hai, akaandikiwa, na mimi nikayafuta kwa kubofya mara mbili.

Programu mpya ina makundi matatu kwa nyuso zisizo na jina. Nikiyatafsiri: zisizojulikana, zisizothibitishwa na zilizopuuzwa. Nyuso zetu zote ziliangukia kundi la kwanza, pamoja na vivuli viwili, gurudumu la baiskeli na jicho la khanga ambavyo mashine ilidhani ni watu.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nasoma picha za Walther Dobbertin kwa ajili ya tasnifu yangu. Dobbertin alikuwa Mjerumani aliyepiga picha katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia na wakati wa vita hivyo. Picha zake zimehifadhiwa na Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani, ambayo Desemba 2008 iliweka picha zake zaidi ya 80,000 kwenye hazina huria ya Wikimedia, za Dobbertin zikiwemo. Mtu yeyote mwenye simu Temeke anaweza kuzitazama. Kila moja ina nambari inayobeba herufi DOA, ufupisho wa jina la koloni kwa Kijerumani, na kando yake jina la Dobbertin. Aliyepigwa picha mara nyingi ni askari, mpagazi, mwanamke wa kabila fulani. Hifadhi yenyewe inaonya kwamba maelezo ya asili yameachwa jinsi yalivyokuwa na yanaweza kuwa na makosa au upendeleo.

Nilikuwa nimeandika kurasa kadhaa kali kuhusu nambari hizo: jinsi jina la mpiga picha linavyosafiri na picha miaka mia moja, na jina la aliyepigwa halikuandikwa hata siku ya kwanza. Msimamizi wangu alizipenda. Sasa nikawa na folda ya bibi yangu mwenyewe, watu wetu wana nambari, na Mjerumani hayumo.

Sitaki kusema mambo hayo mawili ni sawa. Mpagazi wa Dobbertin hana jina kwa sababu hakuna aliyemuuliza, au aliyeulizwa hakuonekana anastahili wino. Watu wetu waliulizwa mmoja mmoja kwenye kiti cha plastiki. Lakini mashine haitofautishi. Kwake wote ni wasiojulikana, na nikaanza kujiuliza ni ukimya wa namna ngapi nilioutupa kwenye kapu hilo moja ndani ya tasnifu yangu.

Kazi ya kurudisha majina haikuwa ngumu kama nilivyoogopa. Mkufu mmoja ulijirudia kwenye picha karibu mia na ishirini: bila shaka bibi. Mwingine ulikuwa wa baba, mwingine wa babu. Nilichora jedwali kwenye daftari, mikufu upande mmoja na makisio upande wa pili, na baba na baba mdogo wakanisahihisha. Wakabaki kama thelathini. Baba mdogo akakumbuka kumi na moja, tena akiwa amekasirika. Wengine tumewaandika kwa alama ya kuuliza.

Mmoja alinishika. Alikuwa kwenye picha tatu tu, na ya kwanza ni ile ya studio. Bibi amesimama, mkono kiunoni. Pembeni yake mwanamke mwingine, labda amemzidi miaka miwili mitatu, amevaa sare naye, na hatazami kamera. Anamtazama bibi. Picha hii ilikuwa na kitu ambacho nyingine nyingi hazikuwa nacho: maelezo. Picasa iliyaweka majina mbali, lakini maelezo iliyaandika ndani ya faili lenyewe la picha, na hivyo yakavuka. Baba mdogo alikuwa ameandika bibi alivyosema, kwa nafsi ya kwanza: Mimi na somo yangu, Unguja, kabla sijamzaa mkubwa wenu.

Mkubwa wao ni shangazi, aliyezaliwa Desemba 1961, mwezi wa Uhuru. Kwa hiyo tarehe nilikuwa nayo, kwa kiasi. DigiKam inataka siku, mwezi na mwaka. Haina mahali pa kuandika kabla ya mtoto wa kwanza. Niliweka 1 Januari 1960, nikijua kwamba ni uongo ulio karibu zaidi na ukweli kuliko Novemba 2009.

Jina lilikuwa shida nyingine. Somo kwa Kiswahili ni mtu mnayeshirikiana jina. Kama ni hivyo, jina la mwanamke huyu tulikuwa nalo muda wote, ni jina la bibi yangu, na ningeweza kuliandika na kwenda kulala. Somo pia ni rafiki wa chanda na pete. Na somo ni kungwi, yule anayemfunza mwali unyagoni, anayebaki na mamlaka juu yake hata akiwa na wajukuu. Nilimuuliza baba mdogo alichoandika 2010. Akasema hakumbuki, ila lilikuwa refu, lilitokeza nje ya kile kisanduku cha kuandikia. Jina la bibi lina herufi nne.

Jumamosi nikabeba kompyuta mpakato ya kuazima hadi Tandika kwa shangazi. Shikamoo, marahaba mwanangu, mama hajambo, hajambo, kula kwanza. Nilipofungua picha akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena.

“Mama Somo huyu,” akasema.

“Jina lake nani, shangazi?”

“Si nimekwambia. Mama Somo.”

“Jina lake hasa.”

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anapooga huvaa nini. “Nani angemwita kwa jina? Mama mwenyewe hakumwita kwa jina. Kila Iddi alikuwa anatuma salamu na kitambaa kwa watu wanaokwenda Unguja, apewe Mama Somo. Wao walijua ni nani.”

Nikauliza kama ndiye aliyemfunza bibi. Akasema mambo hayo hayaulizwi na mtoto wa kiume, akasogeza sahani ya mihogo upande wangu. Nikauliza kama alikuwa na watoto. Alikuwa naye msichana mmoja, akasema, au wawili. Kuna mmoja alikuja kusomea ukunga huku bara miaka ya themanini, akalala kwetu, akaondoka. Nikauliza kama jina Mama Somo wa Unguja linaweza kuwa refu kiasi cha kutokeza nje ya kisanduku. Hakuelewa swali, na sikumlaumu.

Nikiwa kwenye daladala ya kurudi nilifikiria kurasa zangu kali. Nilikuwa nimechukua kukosa jina kuwa ni kunyang’anywa, kila mara. Na katika picha za Dobbertin bado naamini hivyo. Lakini huyu mwanamke alikuwa hana jina kinywani mwa watu waliompenda kwa muda wa miaka sitini, na walimtumia vitambaa. Jina lilikuwa kitu cha kumkosea nacho adabu. Hata bibi, alipoulizwa na mwanawe mbele ya mashine, huenda alitoa kile tu alichokuwa akikitoa siku zote. Sasa mimi niliyefuta orodha, sijui kama nilifuta jina lake au nilifuta heshima yake tu, ambayo shangazi amenirudishia pamoja na mihogo.

Usiku ule nikafungua kisanduku na kuandika Mama Somo. Kabla ya kubofya niliingia kwenye mipangilio na kuiamuru programu iandike majina yote ndani ya faili za picha, si kwenye hazina yake peke yake. Kila picha ibebe watu wake kama zilivyofanya zile za karatasi. Ilichukua karibu saa nzima, diski ikilia kama nyuki. Nikatoa nakala mbili. Moja iko Tandika, kwenye kabati la shangazi, ndani ya kopo la biskuti.

Programu ikishapewa jina huanza kutafuta sura zinazofanana. Asubuhi nilikuta mapendekezo mawili chini ya Mama Somo. Moja lilikuwa bibi yangu mwenyewe akiwa mzee, 2013, ameketi barazani. Nikalikataa, ingawa nilielewa mashine iliona nini. La pili ni msichana aliyebeba sinia kwenye harusi ya binamu yetu, 2014, ukumbini Temeke, ameangalia pembeni. Hakuna mtu nyumbani anayemfahamu. Anaweza kuwa wa upande wa bwana harusi. Anaweza kuwa mpishi.

Nimemtumia shangazi picha hiyo kwa WhatsApp. Imefika, bado hajaifungua. Jumapili anakuwa msibani au kwenye vikoba hadi jioni.